Ukucha wa Fundi

Fundi hakuuliza tairi lina miaka mingapi. Alichuchumaa, akalizungusha gurudumu la nyuma taratibu kwa kiganja, akalisimamisha, kisha akaukandamiza ukucha wa dole gumba kwenye mpira na kuuacha hapo kidogo, kama mama anayepima parachichi sokoni. Alipoutoa, mpira haukubaki na alama yoyote.

"Hili limekauka, kaka," alimwambia kijana mwenye pikipiki. "Kashata bado zipo, lakini mpira wenyewe umekauka."

Kijana hakuridhika. Alipitisha vidole juu ya kashata kuonyesha kwamba bado zina kimo, na kwa kweli zilikuwa nazo. Mimi nilikuwa nimekaa kwenye benchi nikisubiri pancha yangu izibwe, na moyoni nilikuwa upande wa kijana. Sisi wote tunaopanda bodaboda tumezoea kulihukumu tairi kwa macho. Lenye kashata ni zima, kipara ni bovu, basi. Fundi huyu alikuwa anatuambia kwamba tunatazama mahali pasipo.

Hapo ni Omurushaka, mji mdogo wa Karagwe ambako barabara ya kwenda Kyerwa inachepuka. Ukitoka Bukoba unafika Kyaka, unapanda na lami takriban kilomita 59 mpaka Bugene, na mpaka hapo tairi lako halijaulizwa swali gumu. Maswali yanaanza unapoiacha lami: kushuka na kupanda vilima, migomba kushoto na kulia, udongo mwekundu, changarawe, makorongo yaliyochimbwa na maji ya mvua zilizopita. Ndiyo maana mafundi pancha ni wengi pale njia panda, na ndiyo maana nimejifunza mengi kwenye lile benchi.

Maneno ya fundi yalinirudisha kwenye jambo nililokuwa nimelisoma siku za karibuni na lililokuwa limekataa kuniingia akilini. Marekani kuna mbio za magari madogo yaitwayo karti. Ni vigari vya bomba vilivyolala chini kabisa, visivyo na bodi wala paa, dereva akikaa sentimita chache tu kutoka ardhini. Cha kwanza kilitengenezwa mwaka 1956 huko Glendale, California, na fundi aliyeitwa Art Ingels, kwa kutumia injini ndogo iliyokusudiwa mashine ya kukatia majani. Baadaye mchezo ukaenea duniani, na tawi lake moja likabaki kwenye vumbi: watu hushindana katika viwanja vya udongo vyenye umbo la yai, wakizunguka na kukata kona upande mmoja tu, kushoto, kuanzia bendera ya kwanza hadi ya mwisho. Na matairi yao mengi ni vipara. Yametoka kiwandani bila kashata hata moja, nao huyanunua hivyo kwa makusudi, kwa ajili ya kukimbia kwenye udongo.

Mtu wa Nkwenda, kule Kyerwa, akisikia hivyo ataona ni wazimu. Mimi niliona hivyo. Kisha nikafuatilia sababu.

Mpira hushika ardhi pale unapogusana nayo. Mfereji uliochongwa kwenye tairi ni mahali ambapo mpira haupo, kwa hiyo haushiki kitu. Tunauvumilia mfereji kwa sababu una kazi zake. Huyapa maji njia ya kutoka ili tairi lisielee juu yake, na kingo zake hung'ata kitu laini kama tope au changarawe isiyoshikamana. Pasipo na maji wala kitu laini, mfereji umekunyang'anya mpira bure. Sasa kile kiwanja cha karti kimemwagiwa maji, kikashindiliwa, kisha kikapitiwa na magurudumu mara mamia mpaka udongo umekuwa mgumu na kung'aa kama sakafu ya nyumba iliyosiribwa vizuri. Mpira unaosagika kutoka kwenye matairi unaipaka rangi nyeusi ile njia ya mbio. Hapo mwenye kipara anashika kuliko mwenye kashata.

Lakini kipara hicho hakitiwi tu kwenye ringi kikaenda, na hapa ndipo moyo wangu uliposimama. Kinaandaliwa kwa siku nyingi. Kwanza fundi hukisugua kwa msasa kuondoa ile ngozi inayong'aa iliyobaki kutoka kwenye kalibu la kiwandani, maana ngozi hiyo haishiki. Kisha hukipaka dawa ya kulainisha mpira, nyingine kwa nje na nyingine kwa ndani, na kukizungusha polepole kwa saa nyingi ili dawa iingie sawasawa pande zote. Ni dawa kali. Anayejijali huvaa glavu na hufanyia kazi hiyo mahali penye hewa, na viwanja vingine vimezipiga marufuku kabisa. Baada ya hapo anachukua kipimo kiitwacho durometa, chenye sindano butu, anaikandamiza kwenye mpira na kusoma namba. Namba ikiwa ndogo mpira ni laini, ikiwa kubwa mpira ni mgumu. Kiwanja kikiwa na unyevu atataka namba moja, kikikauka nyingine. Mwingine huchanja mikato myembamba juu ya tairi ili lipate kingo na lipate moto upesi. Likishakuwa tayari hulifunga kwenye plastiki, kama mtu anayefunika unga wa muhogo usiingie unyevu.

Hata ukubwa wa matairi unapangwa. Ekseli ya nyuma ya karti ni moja, magurudumu yote mawili huzunguka pamoja. Kwa hiyo tairi la kulia huwa na mzunguko mkubwa kuliko la kushoto kwa sentimita chache. Chukua bilauri iliyo pana mdomoni na nyembamba kitakoni, ilaze mezani uisukume. Haitakwenda moja kwa moja, itajikunja yenyewe upande wa kitako. Ndivyo karti inavyopenda kwenda kushoto kabla dereva hajagusa usukani.

Nilipoisoma ile habari ya durometa nilikiona tu kama kifaa cha watu wenye fedha. Siku ile Omurushaka nilikitambua. Kilikuwa ukucha.

Basi nikaanza kumtazama fundi yule kwa jicho jingine. Alikuwa amefika kwenye tyubu yangu. Aliijaza upepo, akaizamisha kwenye karai la maji, akaizungusha mpaka vipovu vikaonekana, akapatia alama kwa kijiti cha kiberiti. Akaikausha kwa kitambaa. Kisha akaanza kuisugua kwa tupa pale palipotoboka, na alisugua kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani inahitajika, mpaka weusi unaong'aa ukageuka kijivu chenye vumbi. Akakifanyia hivyo hivyo kipande cha kiraka. Akapaka sulusheni pande zote mbili, na hapo akafanya jambo ambalo wateja wengi huliona ni uvivu: akaziacha. Akasimama, akazungumza na mtu wa jirani, akarudi, akagusa kwa nyuma ya kidole. Gundi ilikuwa haing'ai tena. Ndipo akabandika na kugongagonga kwa nyundo ndogo.

"Ukibandika ikiwa mbichi, itafunguka mteremkoni," alisema, bila mtu kumuuliza.

Ni kazi ile ile ya msasa ya wale Wamarekani wa karti. Ngozi ya juu haishiki. Lazima uifungue kwanza, na ukishaifungua uwe na subira. Sishangai kwamba maarifa hayo yako Karagwe. Hii ni nchi iliyompa mhunzi heshima ya ufalme. Msafiri Mwingereza Speke alipofika hapa mwishoni mwa mwaka 1861 na kupokewa na Mukama Rumanyika, kazi ya chuma ilikuwa ya zamani sana katika nchi hii, na miongoni mwa vitu vya enzi vya watawala wa Bweranyange walikuwamo ng'ombe wadogo waliofuliwa kwa chuma. Fundi wa tupa na sulusheni hakai mbali na ukoo huo, hata kama hakuna anayemwambia.

Udongo wetu nao si mmoja. Msomaji wa Karagwe au Kyerwa anaujua kwa nyayo zake. Kuanzia Juni, mvua za masika zikishaondoka na kahawa ikianza kuanikwa, barabara hukauka na kushikamana. Katikati, pale magurudumu yanapopita, udongo unakuwa mgumu kama ubao, na kwa wiki kadhaa pikipiki yenye tairi lililolika hupita pale vizuri kabisa. Hiyo ndiyo hila ya kiangazi. Kijana anaona tairi lake la kipara linakwenda, leo, kesho, mwezi mzima, anaamini ametunza fedha. Na kwa mwezi huo amepatia: anapanda njia inayofanana na kile kiwanja cha Wamarekani.

Ifikapo Agosti ule ugumu unaanza kuvunjika. Juu ya barabara kunabaki changarawe ndogo za duara zilizolegea, na kuzipitia ni kama kutembea na kandambili juu ya kahawa kavu iliyomwagika kwenye sakafu ya saruji. Chini ni kugumu, juu kunateleza, na tairi halifiki chini. Mwendesha bodaboda mzoefu hapo hupunguza mwendo na hatumii breki ya mbele kwenye kona. Halafu zinakuja mvua za vuli, na kila kitu kinageuka tena. Mvua kubwa ikishanyesha siku tatu, kila mtu anajua kuna tope na anakwenda kwa adabu. Malori huvalishwa minyororo. Hatari iliyo kubwa zaidi ni ile mvua ya kwanza, nyepesi, ya dakika kumi, inayolowesha vumbi la miezi mitatu bila kuliosha. Inaacha utando mwembamba kama uji juu ya udongo mgumu. Macho yanaona barabara ile ile ya jana.

Nimeijua mvua hiyo kwa mwili wangu. Ilikuwa Septemba, nikitoka Omurushaka kuelekea Kyerwa, nimepanda nyuma ya pikipiki, mkoba mgongoni. Tulikuwa tunashuka mteremko ambao nimeushuka tangu utoto. Manyunyu yalikuwa yamepita muda si mrefu na harufu ya udongo ilikuwa nzuri, nakumbuka nilikuwa naifurahia. Gurudumu la nyuma lilitoka upande kimya kimya. Hapakuwa na kishindo, hapakuwa na breki. Pikipiki ilijilaza tu kama ng'ombe anayelala. Tuliburuzika mpaka kwenye mtaro. Dereva aliumia bega, mimi ninayo alama kwenye goti la kulia mpaka leo. Tulipoinuka, kitu cha kwanza alichofanya kijana yule, kabla ya kujifuta damu, ni kwenda kulitazama tairi. Lilikuwa kipara kabisa. Alisema, "Nilikuwa nilibadilishe baada ya kahawa." Alikuwa anasubiri malipo ya kahawa ya nyumbani kwao.

Sikuweza kumkasirikia. Bado siwezi.

Mwenye karti ana kipara kwa sababu amekichagua, amekipima, na usiku wa kuamkia mbio amekaa nacho. Ana seti nyingine ya akiba kwa ajili ya udongo wa aina nyingine. Kijana wangu alikuwa na kipara kwa sababu ya bei ya tairi na kalenda ya kahawa. Kwa macho matairi hayo mawili yanafanana. Kwa ukucha hayafanani hata kidogo: lile la mbio ni laini kama sikio, la kwetu ni gumu kama ukwato. Mpira una adui wengi. Jua, joto na hewa yenyewe huufanya ukakamae mwaka baada ya mwaka, hata kama tairi limelala dukani bila kutumika. Ile kazi aliyoianzisha Charles Goodyear, ya kupika mpira na salfa mpaka ukaimarika, aliyoipatia hati miliki mwaka 1844, kwa namna fulani haimaliziki kiwandani. Jua letu linaendelea kuupika mpaka unapasuka nyufa.

Kulikuwa na wakati tairi lilitoka karibu zaidi. Kiwanda cha General Tyre pale Arusha kilianza kutoa matairi mwanzoni mwa miaka ya 1970, na madereva wa umri wa baba zangu wanalitaja jina hilo kwa namna wanavyowataja watu waliosoma nao. Uzalishaji ulisimama kabla ya mwaka 2010 kufika. Sasa tairi la pikipiki linalofika duka la Kayanga au Rubwera limevuka bahari, na bei yake imebeba safari yote hiyo. Siwezi kuzungumzia vipara vya Kyerwa kana kwamba ni uzembe wa vijana peke yao.

Katika umri wa miaka tisa au kumi, mimi na wenzangu tulikuwa na mbio zetu za vigari vya mbao. Magurudumu tuliyachonga kwa gogo, kwa panga, na duara lake halikuwa duara sana. Kwa wiki za kwanza tulishuka nayo hivyo hivyo, na kwenye kona kigari kilikwenda kinakotaka. Kisha mmoja wetu akaleta kipande cha tairi kuukuu la baiskeli, tukakikata utepe na kukipigilia kwa misumari kuzunguka gurudumu. Tulishangaa kimya kilichokuja. Kelele za mbao ziliisha, na kigari kikaanza kusikiliza. Miaka mingi baadaye nilisoma kuhusu chukudu za Goma, zile baiskeli kubwa za mbao zinazobeba viazi na makaa, zilizojengewa hata sanamu ya rangi ya dhahabu katikati ya mji, na kwamba waundaji wake huyavalisha magurudumu yake mpira wa matairi ya zamani. Nilifurahi kama niliyepata habari za ndugu.

Ule utepe wetu ulikuwa umetoka kwenye tairi kipara. Hatukuona tatizo, na halikuwepo: kigari cha mtoto, udongo mkavu, mteremko mfupi, majani huko chini ya kusimamia. Tairi lililokwisha barabarani lina kazi nyingi za heshima zinazolisubiri. Huwa katambuga miguuni mwa mkulima. Tyubu yake hukatwa mipira ya kufungia magunia na mikungu ya ndizi. Hapo halimdanganyi mtu yeyote.

Linalodanganya ni lile linalochorwa upya. Kuna watu huchukua tairi kipara, wakapasha kisu moto na kulichonga mifereji mipya, likaonekana lina kashata. Yapo matairi ya malori yaliyotengenezwa na mpira wa ziada kwa ajili hiyo, nayo yameandikwa hivyo ubavuni. Tairi la pikipiki halina ziada hiyo. Kisu kinapoingia kinakwenda kukutana na nyuzi, na anayelinunua amenunua picha ya tairi. Mchanjaji wa karti naye anachanja, lakini anajua amebakiwa na mpira kiasi gani na anayelipanda ni yeye au mwanawe. Kwa hili sina maneno laini: kuchora tairi la bodaboda na kumuuzia mtu atakayepakia mama mjamzito kumpeleka zahanati ni kuuza ajali. Fundi wa Omurushaka analijua hilo, nami nilimsikia akimkatalia mteja kazi hiyo mchana ule ule, ingawa alikuwa na kisu na alikuwa na njaa ya wateja.

Kijana wa tairi lililokauka aliondoka bila kununua. Kabla hajaondoka, fundi alimwonyesha ubavuni mwa tairi zile tarakimu nne zilizo ndani ya duara la yai. Mbili za kwanza ni wiki ya mwaka, mbili za mwisho ni mwaka lilipotengenezwa. Akamwonyesha pia vile vinundu vidogo vilivyomo ndani ya mifereji. Kashata zikishashuka zikalingana navyo, tairi limekwisha. Kijana alipiga picha kwa simu. Akapunguza mwendo alipoishika njia ya Nkwenda, au pengine nilitaka kuona hivyo.

Ndugu yangu unayepanda bodaboda Karagwe na Kyerwa, unapompa dereva mzigo wako aufunge, inama kidogo ubonyeze ukucha kwenye tairi la nyuma. Dereva mwema hatakasirika. Na wewe mdogo wangu unayeendesha, fedha ya kwanza ya kahawa mwaka huu iende kwenye tairi kabla ya kitu kingine. Kahawa huanza kulipwa katikati ya mwaka. Mvua za vuli huanza Septemba.